Je, Aliyetuazima Bure Aweza Kututoza?



Limetujia swali kutoka Muleba, mkoa wa Kagera, nasi tumeona kwamba si la mtu mmoja peke yake. Muulizaji ni mzee mwenye watoto na wajukuu waliotawanyika: mmoja yuko Bukoba mjini, wengine Dar es Salaam, mmoja Muscat, mmoja Uingereza. Miaka mingi iliyopita kijana wake aliandikisha jina la ukoo wao katika intaneti, na kila mtu wa nyumba ile, mkubwa kwa mdogo, akapata anwani ya barua pepe inayoishia kwa jina hilo. Barua zao zilikuwa zikihifadhiwa na kampuni moja ya ng'ambo bila ya malipo yoyote. Sasa kampuni imeleta khabari kwamba bure imekwisha, na kila mwenye anwani atatozwa kwa mwezi, kichwa kwa kichwa. Mzee anauliza: Je, hii si dhulma? Na kama si dhulma, ni nani katika nyumba impasaye kulipa? Na asiyekuwa na wa kumlipia, akatwe?

Huenda msomaji wetu wa Lamu au Tanga au Unguja akasema kwamba haya ni mambo ya vijana na mitambo yao, sheikh yamhusu nini? Namwomba asubiri kidogo. Swali hili ni la zamani kuliko mitambo yote, na watu wa pwani wamekuwa wakilijibu kwa vitendo tangu enzi za mababu zao, ila tu hawakuliita kwa jina hili.

Kwanza tulifahamu jambo lenyewe. Zamani mtu wa kijijini Muleba hakuwa na sanduku lake la posta. Alitumia sanduku la shule, au la msikiti, au la misheni. Barua ilikuja kwa meli kutoka Mwanza, ikafika sanduku hilo, na mwalimu akamkabidhi mtoto aipeleke nyumbani. Ada ya sanduku kwa mwaka ililipwa na shule, na aliyeandikiwa hakutoa hata senti. Anwani ya ukoo katika intaneti imefanana na hayo, lakini ina sehemu mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Kuna jina lenyewe, liitwalo kikoa, kama majina yanayoishia kwa .com au kwa .tz ya Tanzania. Jina hilo kwa kawaida halikuwa bure wakati wowote: hulipiwa kila mwaka kwa msajili, na asiyelipa hulipoteza. Kisha kuna mahali barua zinapofikia na kulala, yaani mtambo wa kampuni. Hapo ndipo palipokuwa bure, na hapo ndipo penye ugomvi.

Kisa kilichojulikana zaidi duniani ni cha kampuni ya Google. Agosti 2006 ilitangaza kwamba itawahifadhia barua watu wenye majina yao wenyewe, bila malipo. Ikasema katika tangazo lile kwamba watakaojiandikisha katika kipindi cha majaribio hawatalipa kamwe kwa ajili ya watumiaji watakaokubaliwa katika kipindi hicho, maadamu kampuni inaendelea kuitoa huduma. Yashike maneno hayo ya mwisho, ndugu msomaji, tutayarudia. Desemba 2012 mlango wa bure ukafungwa kwa wageni, na waliokwisha kuingia wakaachwa kama walivyo. Kisha Januari 2022 hao nao wakaambiwa kwamba wakati wao umefika: wachague kulipa katika mwaka ule, ama huduma yao isimamishwe. Daraja ya chini ilikuwa dola 6 kwa mtu mmoja kwa mwezi. Wenye familia walilalamika sana, na Mei 2022 kampuni ikalegeza kamba: anayeitumia kwa mambo ya nyumbani kwake, pasipo biashara, na akathibitisha hivyo, aendelee bure. Kampuni ya Microsoft nayo ilikuwa na mlango kama huo, na mwaka 2014 iliufunga kwa wageni.

Sasa tuje kwenye fiqhi. Mtu akimpa mwenzake kitu bila malipo, hupitia moja ya milango miwili. Akimpa kitu chenyewe kiwe milki yake, hiyo ni hiba, na katika madhehebu ya Imam Shafi hiba ikishapokewa hairejeshwi, isipokuwa mzazi kwa mwanawe. Mtume (s.a.w.) amemfananisha mwenye kurejea katika hiba yake na mbwa anayerudia matapishi yake, na aliyeusikia mfano huo hausahau. Lakini akimpa manfaa tu, na kitu chenyewe kikabaki chake, kama mtu anayemwachia jirani jembe akalimie, hiyo ni ariya. Na ariya mwenyewe aweza kuitaka.

Kampuni ilitupa nini? Haikutupa mtambo, wala kipande cha mtambo. Ilituachia nafasi ya kulaza barua. Basi hiyo ni ariya, na wanaopiga ukelele kwamba "alitupa, sasa anatunyang'anya" wanadai hiba pasipokuwa na hiba. Miaka kumi na mitano ya kukaa bure haiigeuzi ariya kuwa milki, kama vile jembe la jirani halikuwa lako kwa kuegemea nyuma ya mlango wako misimu mitatu.

Na ile ahadi ya 2006? Kwa Mashafi ahadi haimlazimishi mtu mbele ya kadhi, ingawa kuivunja bila udhuru ni karaha kubwa. Tena ndani yake mna lile "maadamu". Neno dogo, lakini ni mlango wa nyuma, na mwenye pupa husoma "kamwe" akaishia hapo. Hata hivyo, kwa maoni yangu, hoja ya wale wa mwanzo kabisa ilikuwa na nguvu. Huduma haikukoma, bali ilibadilishwa jina na kutiwa bei. Mwenye kusema "maadamu ninauza chai, wewe hutalipa" hawezi kuendelea kuuza chai kisha akaleta hesabu.

Lakini tusiishie hapa. Wengi wanaousoma mlango wa ariya husimama kwenye mstari wa kwanza, kwamba mwenye chake aweza kukitaka, wakafunga kitabu. Utamu wa mlango huu uko mbele.

Imam Nawawi katika Minhaji, kitabu ambacho wengi wetu tumekisoma tukiwa tumekunja miguu mbele ya masheikh zetu, ameeleza khabari ya mtu aliyeazimwa ardhi akajenga au akapanda miti, kisha mwenye ardhi akarejea. Ikiwa tangu mwanzo walishartiana kwamba siku ya kurejea miti itang'olewa bure, basi sharti lishikwe. Ikiwa hawakushartiana, na aliyepanda hataki kung'oa, mwenye ardhi hana ruhusa ya kuing'oa bure. Achague: ama aiache miti kwa ujira, ama aing'oe na kulipa thamani iliyopungua kwa kung'olewa huko. Na ardhi ikiwa iliazimwa kuzikia maiti, hapo mwenyewe hawezi kuirejea hata kidogo mpaka athari ya aliyezikwa iwe imekwisha. Maulamaa wa Kimaliki wamekwenda mbali zaidi: ariya iliyowekewa muda au kazi maalumu haivunjwi mpaka muda huo au kazi hiyo itimie.

Msomaji wa Mombasa anaifahamu hali hii bila kufungua kitabu. Katika mitaa ya Majengo wako watu wengi wenye nyumba lakini hawana ardhi: ukuta na paa ni vya mmoja, kiwanja ni cha mwingine, na kila mwezi kodi ya kiwanja hupelekwa. Kadhalika katika mashamba mengi ya pwani, mnazi una mwenyewe na mchanga una mwenyewe. Sheria waliyokuja nayo Waingereza ilipenda kusema kwamba kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Wazee wetu walikataa kuchanganya kilichoazimwa na kilichopandwa, na naona walikuwa na haki.

Kule Bukoba na Muleba wanalijua hili kwa uchungu zaidi. Kibanja cha Mhaya ni shamba la migomba na kahawa lizungukalo nyumba yake. Ardhi ile haikuzaliwa na rutuba. Majani yalikatwa kwenye rweya, yaani mbuga za nyasi, yakatandazwa, samadi ya ng'ombe ikatiwa, mwaka hadi mwaka, baba hadi mjukuu, mpaka udongo ukawa mweusi. Na humo humo wakazikwa wazee wao. Sasa katika zama za Wakama kulikuwa na mila ya nyarubanja. Mkama alimpa mtu wake, ama wa ukoo wa kifalme ama mtumishi aliyempendeza, mamlaka juu ya eneo lenye vibanja vya watu. Yule akaitwa mtwazi, na wenye vibanja wakawa watwarwa wake, wampe sehemu ya mazao na kumfanyia kazi, na baadaye fedha. Wengine walikuwa wamekwisha kukaa na kupanda kabla mtwazi hajaletwa. Baada ya uhuru serikali ya Tanzania ilipitisha sheria ya 1965 ya kuwakomboa watu wa nyarubanja, na nyingine ya 1968 juu ya upangaji wa kimila wa namna hiyo.

Kwa nini mtwarwa hakuhama zamani zile, akamwachia mtwazi nyasi zake? Kwa sababu hangeweza kuubeba udongo mweusi kichwani. Wala hangeweza kulibeba kaburi la babu yake. Hapo ndipo penye siri ya jambo zima, msomaji. Nguvu ya anayedai kodi haikutoka kwenye kiwanja chake. Ilitoka kwenye migomba yako wewe.

Nafahamu kwamba mfano hauendi mpaka mwisho. Mtwazi aliletwa juu ya watu, na sisi kwenye mtambo wa kampuni tuliingia kwa miguu yetu tukishukuru. Lakini tazama mzee wetu wa Muleba amepanda nini katika kiwanja kile. Amepanda barua za miaka: za mwanawe wa Muscat alipopata kazi, za binti aliyeolewa mbali, hati za shamba zilizopigwa picha, risiti za ada za shule. Mtu wa Bukoba aliyebomolewa nyumba na tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 anajua thamani ya karatasi iliyolala mbali na ukuta wake. Tena amepanda mizizi: anwani ile ndiyo aliyoipa benki, na chuo cha mjukuu, na mwajiri, na kila mahali panapomtaka athibitishe kuwa yeye ni yeye. Kiwanja ni cha kampuni, lakini barua na mizizi hiyo ni vya nyumba ile.

Basi jibu la swali la kwanza ni hili. Kutaka ujira kwa siku zinazokuja si dhulma, maana kuiacha miti kwa ujira ni moja ya njia alizoruhusiwa mwenye ardhi. Dhulma ingekuwa kufunga mlango ghafla, au kuzishika barua za watu mpaka walipe. Na dhulma iliyojificha zaidi ni kupanga bei kwa kutazama mizizi ya mtu: "huyu hawezi kuhama, basi mwongeze." Maulamaa wanasema ujira wa mithili, yaani kiasi ambacho kiwanja kama kile hupangishwa kwa mtu yeyote. Katika kisa cha 2022 mwenyeji hakutajiwa bei kubwa kuliko ya mgeni, na watu walipewa miezi na njia ya kuzichukua barua zao. Kwa hayo siwezi kumwita mwenye kutoza dhalimu. Palipokuwa na kasoro ni kwamba bei ilikatwa kwa kipimo cha ofisi. Bibi anayepokea barua mbili kwa mwezi, akasomewa na mjukuu, alihesabiwa kichwa sawa na karani anayeandika kutwa. Malalamiko juu ya hilo yalikuwa ya haki.

Tuingie ndani ya nyumba sasa, maana kampuni iko mbali na haitusomi, lakini sisi kwa sisi tunasomana.

Piga hesabu ya watu kumi kwa dola 6: kwa mwaka ni dola 720, na kwa thamani ya shilingi ya Tanzania mwaka 2022 hizo zilikuwa zaidi ya 1,600,000. Mzee na ajihesabie mwenyewe ni magunia mangapi ya kahawa. Nani alipe? Nafaka ya lazima ni chakula, mavazi na makazi, kwa mke, na kwa wazazi na watoto wasiojiweza. Anwani ya barua haimo, na kwa madhehebu yetu ndugu hata nafaka hawalazimiani. Kwa hiyo aliye Uingereza hawezi kubebeshwa mzigo wa wote kwa kisingizio kwamba ana pauni. Akijitolea, ni ihsani na sadaka, ashukuriwe kwa jina. Asijitolee, asisutwe katika harusi na matanga, kama ilivyo tabia ya baadhi yetu.

Lakini yuko mmoja ambaye jambo limemkalia shingoni, naye ni yule kijana aliyeandikisha jina na kushika funguo. Anasema, "Mimi nilijitolea tu, sasa nimechoka, nafunga." La, bwana. Wewe kwa ndugu zako ndiwe uliyeazima. Uliwaita wakaja, wakapanda. Kila unalolidai kwa kampuni, ndugu zako wanakudai wewe: uwape khabari mapema, uwape muda, umpe kila mmoja barua zake mkononi kabla hujazima taa. Nimesikia vijana hodari sana wa kuilaani kampuni ambao wamemfungia shangazi anwani yake bila hata kumpigia simu.

Wala si lazima ama kulipa yote ama kukata yote. Jina laweza kubaki, na barua zinazokuja kwa jina hilo zikaelekezwa kwenye anwani za kawaida za bure za kila mtu, ikabaki kugawana ile ada ya jina kwa mwaka. Ada hiyo ndiyo ninayoihimiza kuliko yote. Jina lisipolipiwa huachiwa huru, na mtu mwingine yeyote aweza kulinunua, naye akalinunua barua zitaanza kumfikia yeye: za benki, za hospitali, na zile za kubadilishia neno la siri. Kuacha jina la ukoo lipotee kabla kila mtu hajabadilisha anwani yake benki na kwingineko ni kama kuuza nyumba na sanduku la siri likiwa uvunguni.

Liko na lile la kuthibitisha. Kampuni ikisema, "Anayetumia kwa familia, pasipo biashara, aseme hivyo aendelee bure," wengi hubonyeza "ndiyo" kama anayefukuza nzi. Kumbe ni ushahidi. Ikiwa katika nyumba ile yuko anayeuza vanila kwa wanunuzi wa ng'ambo, na mikataba hupita katika anwani ya ukoo, basi hiyo ni biashara, hata kama mizani iko jikoni na anayepima ni mama. Ama mwenye vanila atoke katika jina hilo ajitafutie anwani yake ya kulipia, ama nyumba isithibitishe. Kusema kwamba kampuni ni tajiri na haitaumia si hoja. Hatujapata kusoma mahali kwamba uwongo huwa halali kwa kutazama mfuko wa anayeambiwa.

Mwisho, mzee ameongeza neno chini ya barua yake, kwa mwandiko mdogo, nami nahisi ndilo lililomfanya aandike. Katika vichwa vinavyotakiwa kulipiwa, kimoja ni cha marehemu mkewe. Anwani yake ingalipo na barua zimo, na hakuna aliyethubutu kuifuta. Je, amlipie?

Nimekumbuka ile ardhi iliyoazimwa kuzikia. Lakini barua si maiti, zaweza kuhamishwa bila ya kuvunjiwa heshima. Basi, mzee wetu, usimlipie marehemu kila mwezi, wala usiruhusu afutwe. Mwambie kijana azitoe barua zake zote na kuziweka mahali pawili, moja kwako na moja kwa binti yake mkubwa. Kabla ya hapo wakae watu wawili tu, mwaminifu na mwaminifu, wazipitie kwa jambo moja: kutazama kama kuna deni alilodaiwa au amana aliyowekewa, au wasia, maana hayo yanamfuata mtu. Wakikuta siri ya mtu mwingine, wapite kama hawakuiona. Anwani yake iendelee kuelekezwa kwa binti huyo kwa mwaka mmoja, ili atakayemwandikia bila kujua ajibiwe kwa upole kwamba amekwisha kutangulia. Baada ya mwaka huo, ifungwe.